Rath Yatra ya Puri: magari matatu ya mbao, yanavyoundwa, yanavyovutwa na maana ya kila hatua

Dira ya Mashariki (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Rath Yatra, sikukuu ya Kihindu ya magari ya miungu, imetajwa humu mara nyingi, ila karibu kila mara inaishia kwenye "Wahindu wanavuta magari makubwa" na mada inafungwa. Naanzisha uzi huu ili wanaoijua tuiweke sawa, na mwenye swali aulize.

Mahali ni Puri, mji wa pwani katika jimbo la Odisha, mashariki mwa India. Ni moja ya vituo vinne vikuu vya hija ya Kihindu, pamoja na Badrinath kaskazini, Dwarka magharibi na Rameswaram kusini. Hekalu lililopo sasa lilianza kujengwa karne ya 12 wakati wa mfalme Anantavarman Chodaganga. Ndani wanakaa ndugu watatu: Jagannath, Bwana wa ulimwengu, ambaye ndiye Krishna, kaka yake Balabhadra, na dada yao Subhadra. Wa nne ni Sudarshana, silaha ya Vishnu (mungu mkuu ambaye Krishna ni umbo lake duniani), na hapa Sudarshana ana umbo la nguzo ya mbao.

Kuna jambo moja la kulishika kabla ya yote. Hija nyingi ni mja kufunga safari kumfuata mungu aliko. Siku ya Rath Yatra anayefunga safari ni Jagannath mwenyewe. Mahekalu mengi ya Kihindu yana sanamu ndogo ya metali kwa ajili ya maandamano, na ile kubwa haitoki kamwe. Puri wanatolewa wenyewe, wale wale wa madhabahuni, wanapandishwa magarini na kukokotwa kama kilomita 3 kwenye barabara pana iitwayo Bada Danda hadi hekalu la Gundicha. Mwaka mzima asiye Mhindu haruhusiwi kuvuka mlango wa hekalu kuu. Siku hiyo mlango hauna kazi, maana mwenye nyumba yuko barabarani.

Tarehe inafuata mwezi: ni mwezi pili Ashadha, yaani siku ya pili ya mwezi mchanga katika mwezi wa Kihindu uitwao Ashadha. Kalenda yao huongezewa mwezi wa 13 takriban kila baada ya miaka mitatu, ndiyo maana sikukuu hii haizunguki majira yote kama Ramadhani. Haitoki nje ya Juni na Julai. Mwaka 2024 ilikuwa 7 Julai, 2025 ilikuwa 27 Juni, na 2026 ni 16 Julai.

Mwanzo wake halisi ni mwezi mpevu wa Jyeshtha, mwezi unaotangulia Ashadha, zaidi ya wiki mbili nyuma. Siku hiyo miungu huogeshwa hadharani kwenye jukwaa kwa maji ya vyungu 108 kutoka kisima kinachoitwa kisima cha dhahabu. Mgawo wake haubadiliki: Jagannath vyungu 35, Balabhadra 33, Subhadra 22, Sudarshana 18. Baada ya maji yote hayo wanashikwa na homa. Wanafichwa, hakuna wa kuwaona kwa takriban nusu mwezi, na kipindi hicho kinaitwa Anasara. Wanalishwa matunda na dawa za mitishamba badala ya vyakula vya kawaida. Wanapakwa phuluri, mafuta ya ufuta yaliyotiwa maua yenye harufu na kafuri kisha yakazikwa ardhini kwa muda wa mwaka mzima. Wanaowauguza ni Daitapati, ukoo unaojihesabu kuwa wa damu ya Viswabasu, chifu wa Wasabara wa msituni ambaye kwa masimulizi ndiye aliyemwabudu mungu huyu kabla ya wafalme na makuhani kumjua. Kwa siku hizo watu wa msituni ndio wenye mgonjwa wao.

Seremala wa Pangani

Mkuu Dira, umeanza vizuri. Mimi nashika upande wa mbao, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hukosea hesabu.

Magari ni matatu na yote hujengwa upya kila mwaka. La Jagannath linaitwa Nandighosha: magurudumu 16, vipande vya mbao 832, kimo kama mita 13 na nusu, vitambaa vyekundu na njano. La Balabhadra ni Taladhwaja: magurudumu 14, vipande 763, nyekundu na kijani. La Subhadra ni Darpadalana: magurudumu 12, vipande 593, nyekundu na nyeusi. Jumla magurudumu 42, kila moja likiwa na kipenyo cha kama mita 2. Mkiona picha, jueni gari kwa rangi ya chandalua chake; kwa kimo tu hamtayatofautisha, yamepishana kidogo sana.

Magogo hubarikiwa siku ya Basant Panchami, mwishoni mwa Januari au Februari. Kwa desturi yanatoka misitu ya Dasapalla na jirani zake. Miti inayotafutwa zaidi ni phasi, dhaura na asana. Phasi ndiyo ya magurudumu na mihimili yake, kwa kuwa ni ngumu na haipasuki ovyo inapobanwa. Tatizo ni kwamba phasi kubwa iliyonyooka imekuwa adimu. Ndiyo maana kuanzia mwaka 2000 serikali ya Odisha ikaanzisha mashamba maalumu ya miti hii. Mti wa gurudumu hauvunwi baada ya miaka mitano, kwa hiyo aliyepanda mwaka huo alikuwa anawapandia wengine.

Kazi yenyewe inaanza siku ya Akshaya Tritiya, Aprili au Mei, mbele ya jumba la mfalme kando ya Bada Danda. Kuna takriban miezi miwili tu. Maseremala ni wa ukoo wa Biswakarma Maharana, kazi imerithiwa. Hakuna ramani. Vipimo viko kwenye kijiti cha kupimia na vidole vya mkono. Wanaanza na magurudumu: kitovu kwanza, kisha njiti, kisha duara la nje linalounganishwa kwa vipande. Wahunzi wanafua misumari, pini na pete za chuma za kuzuia kitovu kisipasuke. Gurudumu likikamilika linavikwa kwenye mhimili, kisha zinapanda nguzo za fremu, jukwaa, kiti cha enzi, ngazi za paa, na juu kabisa kilele chenye umbo la chungu. Wachongaji wanaweka miungu wasaidizi pande zote, wachoraji wanatia rangi, mafundi cherehani wanashona chandalua. Kitambaa cha magari yote matatu kinazidi mita elfu moja.

Farasi wa mbao ni wanne kwa kila gari: weupe wa Jagannath, weusi wa Balabhadra, wekundu wa Subhadra. Farasi hawa hawavuti chochote. Kazi ya kuvuta ni ya binadamu.

Mama Salha

Asanteni sana ndugu zangu. Nina maswali mawili. Kwanza, miti yote hiyo ikishatumika siku chache inakwenda wapi, si ni hasara? Pili, hizo sanamu nimeziona pichani: macho makubwa ya duara, mikono imekatika, miguu haipo. Je, ziliharibika?

Seremala wa Pangani

Mama, la kwanza nijibu mimi. Sikukuu ikiisha magari yanabomolewa na sehemu kubwa ya mbao inakwenda jikoni kwa hekalu kuwa kuni. Jiko hilo linapika chakula cha mungu kwa vyungu vya udongo kila siku, kisha chakula hicho hugawiwa na kuuzwa kwa mahujaji kwa jina la mahaprasad, kwa hiyo mti uliombeba Jagannath unaishia kuwapikia watu wake. Baadhi ya sehemu, hasa magurudumu, huuzwa kwa waumini wanaotaka kuyahifadhi. Farasi, waendesha magari wa mbao na miungu wasaidizi havichomwi. Vinatunzwa, mwaka unaofuata vinapakwa rangi upya na kurudishwa.

Dira ya Mashariki

La pili, Mama Salha. Hazikuharibika, ndivyo zilivyo. Masimulizi yanasema mfalme Indradyumna alipata gogo takatifu baharini, lakini kila patasi ilivunjika juu yake. Akaja seremala mzee, ambaye ndiye Vishwakarma, fundi wa miungu, akakubali kazi kwa sharti kwamba mlango usifunguliwe kwa siku 21. Sauti za nyundo zilipokoma kabla ya siku kutimia, malkia Gundicha akashikwa na wasiwasi, mlango ukafunguliwa. Mzee hayupo, sanamu hazijaisha. Zikawekwa madhabahuni hivyo hivyo kwa amri ya mungu. Hekalu la Gundicha linabeba jina la malkia huyo.

Kwa kuwa ni za mbao, zinachakaa. Mti ni mwarobaini. Mwaka ambao mwezi wa ziada unaangukia Ashadha, sanamu mpya huchongwa na za zamani kuzikwa ndani ya eneo la hekalu. Ibada hiyo inaitwa Nabakalebara, mwili mpya. Hutokea kila baada ya miaka 8 hadi 19. Za karibuni ni 1969, 1977, 1996 na 2015. Mwaka 2026 una mwezi wa ziada pia, ila umeangukia Jyeshtha, kwa hiyo hakuna miili mipya.

Mwarobaini wenyewe hauchukuliwi wowote tu. Wa Jagannath sharti uwe wa rangi nyeusi-nyeusi, uwe karibu na maji na mahali pa kuchomea maiti, kuwe na kichuguu na nyoka shinani, usiwe na kiota cha ndege wala kovu la radi, na gome lionyeshe alama za kombe na gurudumu. Ukishapatikana, sanamu zinachongwa kwa siri, kisha usiku mmoja kitu kinachoitwa brahma kinahamishwa kutoka kifuani mwa sanamu ya zamani kwenda mpya. Wahamishaji wanafungwa macho, mikono imeviringishwa vitambaa, na taa za mji huzimwa. Ni nini hasa kilichomo, hakisemwi, na naomba humu tusianze kubuni.

Nyota ya Kusini

Naingia kwenye siku yenyewe, maana mfuatano wake ukiujua hautachanganyikiwa na kelele.

Asubuhi kuna ibada za ndani na chakula cha khichdi. Halafu inaanza Pahandi, kutolewa kwa miungu. Anatangulia Sudarshana, anafuata Balabhadra, kisha Subhadra, wa mwisho Jagannath. Balabhadra na Jagannath ni wazito mno kubebwa mabegani. Wanafungwa kamba kiunoni na kichwani, Daitapati mbele wanavuta, nyuma wanasukuma, na mungu anasogea kwa kuyumba mbele na nyuma, hatua kwa hatua, akituliwa juu ya mito ya pamba. Wanateremka ngazi 22 zinazoitwa Baisi Pahacha. Kichwani wana tahia, taji kubwa la maua na matete linalotikisika kila wanapoyumba. Matoazi, upatu na makombe yanapigwa wakati wote. Sudarshana anapanda gari la Subhadra.

Kutoka chini hadi jukwaa la gari kuna daraja la mteremko lililojengwa kwa magogo ya minazi na mivumo, linaitwa charamala. Hapa ndipo pa hatari kuliko pote kwa sanamu na wahudumu, kwa sababu ni mteremko mkali, watu wamejazana, na uzito wote unategemea walioshika kamba. Tarehe 9 Julai 2024, wakati wa kumshusha Balabhadra kumwingiza Gundicha, sanamu iliteleza kwenye charamala na wahudumu kadhaa wakaumia.

Wote wakishakaa, anakuja Gajapati, mfalme wa Puri kwa urithi. Tangu 1970 ni Dibyasingha Deb. Anakuja kwa machela. Anapanda Taladhwaja, kisha Nandighosha, kisha Darpadalana, na kwenye kila gari anafagia sakafu kuzunguka mungu kwa ufagio wenye mpini wa dhahabu, huku maua na maji ya msandali yakinyunyizwa. Hiyo ndiyo Chhera Pahanra. Kufagia ni kazi ya waliohesabiwa kuwa wa chini kabisa, na hapa anaifanya mfalme, mchana kweupe, mbele ya raia wake wote. Ufalme wake hauna tena mamlaka ya serikali, lakini kazi hii hakuna mwingine wa kuifanya.

Akishuka, charamala zinaondolewa, farasi wa mbao wanafungwa, kamba zinatandazwa. Ni kamba nene za makumbi ya nazi na kila gari ina jina la kamba yake: Shankhachuda ya Nandighosha, Basuki ya Taladhwaja, Swarnachuda ya Darpadalana. Taladhwaja linaondoka kwanza, kwa kuwa kaka mkubwa hutangulia. Darpadalana linafuata. Nandighosha ni la mwisho.

Mchukuzi

Nyota, eleza basi kwa nini yanakwama. Mwaka 2025 tuliona Nandighosha halikufika siku ile ile.

Nyota ya Kusini

Sababu ya kwanza iko kwenye umbo lake. Gari halina usukani. Mihimili imekaa sambamba na fremu haijipindi, kwa hiyo gari linajua kwenda mbele tu. Likianza kuelekea ukingoni mwa barabara, njia ya kulirudisha ni kulegeza kamba za upande mmoja na kuvuta za upande mwingine, pamoja na kutupia kabari za mbao mbele ya magurudumu ya upande unaotakiwa kuchelewa. Kabari hizo hizo ndizo breki. Anayezitupa anatakiwa aifikishe kabari chini ya gurudumu na kutoa mkono kwa wakati.

Sababu ya pili ni umati wenyewe. Gari linaondoka kwa ishara: upatu unapigwa, mwimbaji aliye juu ya gari, dahuka, anatoa wito, na wote wanavuta kwa pamoja. Maelfu wakishika kamba bila kusikia wito, wa mbele wanavuta, wa nyuma wamesimama, nguvu inapotea, gari linastuka na kwenda mshazari. Tarehe 27 Juni 2025 Taladhwaja lilikwama penye kona ya Balagandi, na kwa kuwa ndilo linalotangulia, yaliyo nyuma yote yakasubiri. Jua likizama hakuna kuvuta. Gari linalala lilipo na mungu wake akiwa juu. Safari ikamaliziwa kesho yake, 28 Juni.

La 2024 lilikuwa tofauti, hilo lilipangwa. Kipindi cha Anasara kilikuwa na siku 13 tu kwa mahesabu ya mwezi, ibada za kuwafungua miungu zikaangukia siku ile ile ya safari, muda ukawa hautoshi. Kwa hiyo 7 Julai magari yalisogezwa kidogo tu na 8 Julai yakavutwa hadi mwisho. Jambo hilo halikuwa limetokea tangu 1971.

Kuna kituo kimoja ambacho Nandighosha husimama kwa makusudi, nacho ni kwenye kaburi la Salabega, kando ya Bada Danda. Salabega alikuwa mshairi Mwislamu wa karne ya 17, mwandishi wa tenzi za kumsifu Jagannath ambazo Odisha nzima inaziimba mpaka leo. Hakuruhusiwa kuingia hekaluni. Inasimuliwa kwamba mwaka mmoja aliugua akiwa njiani kurudi Puri, akaomba asubiriwe, na gari likagoma kusogea hadi alipofika.

Mtoto wa Nahodha

Wakuu, kuna maelezo ya zamani ya wageni kwamba waumini walikuwa wanajirusha chini ya magurudumu wapondwe. Ni kweli au uzushi?

Dira ya Mashariki

Habari hiyo ilienezwa Ulaya tangu karne ya 14 na mtawa Odoric wa Pordenone, na wengi waliofuata wakaikuza. Waliokufa chini ya magurudumu wapo katika historia, lakini ukishaelewa alichoeleza Nyota hapo juu, sababu iko wazi: gari zito lisilo na breki zaidi ya kabari, njia iliyojaa watu, mtu anasukumwa au anateleza. Kujiua si ibada ya Rath Yatra.

Na hatari ya sasa kubwa zaidi ni msongamano na joto, hata magari yakiwa yamesimama. Tarehe 29 Juni 2025, alfajiri, watu 3 walifariki katika mkanyagano mbele ya hekalu la Gundicha, magari yakiwa yameshafika na watu wakisubiri kuwaona miungu. Umati uliosimama ni wa kuogopwa kuliko unaotembea.

Bi Kiungani

Jamani wengi humaliza hadithi magari yakifika Gundicha, wakati kinachofuata ndicho kitamu.

Kwanza turekebishe kosa linalorudiwa kila mahali: Gundicha huitwa nyumba ya mama mdogo wa Jagannath, lakini hekalu la Mausi Maa, mama mdogo mwenyewe, ni jingine, liko katikati ya njia, na linaguswa wakati wa kurudi.

Mkewe Jagannath ni Lakshmi, na hakupelekwa safarini. Mume kaondoka na ndugu zake, akasema anarudi, siku zinapita. Mwezi tano, siku ya Hera Panchami, Lakshmi anabebwa kwa machela hadi Gundicha. Wahudumu wa mumewe wanamfungia mlango. Kwa hasira anaagiza kipande cha mbao kivunjwe kwenye gari la Nandighosha, na kinavunjwa kweli, kisha anarudi nyumbani kwa njia ya uchochoroni asionekane. Wahudumu wa pande mbili wanatupiana maneno makali ya ugomvi wa mke na mawifi, na watu wanajua kila neno.

Baada ya hapo magari yanageuzwa kuelekea kusini. Kugeuza magari yasiyo na usukani ni kazi ya siku nzima, ndiyo maana haiachiwi dakika ya mwisho. Mwezi tisa jioni ndiyo fursa kubwa ya kuwaona miungu wakiwa Gundicha. Waumini wanasema kuwaona jioni hiyo ni sawa na kuwaona miaka kumi hekaluni. Mwezi kumi wanarudi, safari inayoitwa Bahuda. Wanatoka kwa mlango mwingine, wa Nakachana. Pahandi, ufagio wa mfalme, kamba, vyote vinarudiwa. Kwa Mausi Maa Jagannath anapewa poda pitha, mkate mzito wa mchele na choroko nyeusi zilizosagwa, nazi, sukari guru na tangawizi, unaookwa taratibu hadi ukoko uwe karibu mweusi.

Magari yakifika mbele ya Lango la Simba, lango kuu la hekalu, miungu hawaingii ndani mara moja. Mwezi kumi na moja ni Suna Besha, wanavikwa dhahabu wakiwa juu ya magari: mikono, miguu, taji, silaha. Desturi hii inahesabiwa tangu 1460, enzi za mfalme Kapilendra Deva. Mwezi kumi na mbili ni Adhara Pana, na hapa naomba msome polepole. Kila gari linaletewa vyungu vitatu virefu vyembamba, jumla 9, na urefu wake ni wa kutoka jukwaani hadi midomoni mwa mungu. Ndani kuna maziwa, malai, jibini laini, sukari, ndizi, kafuri, kungumanga na pilipili manga. Baada ya ibada vyungu vinavunjwa pale pale. Kinywaji kinamwagika juu ya mbao na magurudumu. Hakuna binadamu anayeruhusiwa kukionja, kwa sababu ni cha roho zinazotangatanga, ambazo zimelifuata gari njia nzima zikingoja ukombozi.

Kisha Niladri Bije, kuingia nyumbani. Ndugu wote wanaingia, lakini Lakshmi anamfungia mlango Jagannath peke yake. Anafunguliwa baada ya kumbembeleza kwa rasagola, tufe laini za jibini zilizochemshwa kwenye shira. Hapo sikukuu imekwisha.

Mchukuzi

Kwa anayetaka kwenda kutoka huku kwetu, mambo ya kuzingatia ni yepi? Na mtu asiye Mhindu anaweza kushika kamba?

Nyota ya Kusini

Kamba ni ya wote: dini, kabila, tabaka, havina kazi. Hekaluni ndiko Wahindu tu, na walinzi huangalia. Hata Indira Gandhi alikataliwa mwaka 1984, kwa kuwa aliolewa na Mparsi, asiye Mhindu. Zamani asiyeruhusiwa aliweza kuliona hekalu kwa juu akiwa kwenye paa la maktaba ya Raghunandan, mkabala na Lango la Simba, kabla jengo hilo halijabomolewa.

Nyaraka: Mkenya na Mtanzania wanaomba viza ya India mtandaoni. Anayetoka Kenya, Uganda au Kongo lazima awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano iliyochomwa angalau siku 10 kabla ya kuingia. Bila hiyo unaweza kuwekwa karantini hadi siku 6, na sikukuu ikakupita ukiwa humo. Uwanja wa ndege wa karibu ni Bhubaneswar, kama kilomita 60. Siku yenyewe magari ya abiria hayaingii katikati ya mji, kwa hiyo lala Puri kwenyewe au panda treni na utembee.

Kwenye kamba: kaa upande wa nje, si katikati ya kamba mbili. Usiizungushe mkononi wala kiunoni. Vua viatu, funga nguo inayoning'inia. Mtandio mrefu ndio unaokanyagwa. Ukidondosha simu, iache. Ukiona kamba imekaza ghafla, hiyo ni dalili gari linaondoka, usijaribu kuivuka. Ukichoka achia na utoke pembeni kwa mshazari ukifuata umati, usirudi nyuma, kwa maana nyuma kuna magurudumu. Mtoto mdogo asiwe kwenye kamba kabisa.

Ni msimu wa mvua: joto na unyevu kama Dar ya Machi, na kivuli hakuna. Chukua maji na chumvi za kuongeza maji mwilini, anza kunywa kabla ya kiu. Wanaozirai wengi ni waliosimama sehemu moja tangu alfajiri bila kula.

Bi Kiungani

Niongeze kwamba siku hii ina mizizi hata kwetu. Mwezi pili Ashadha ndiyo Ashadhi Bij, mwaka mpya wa Wakachi, na Wakachi wapo Mombasa, Zanzibar, Dar na Nairobi kwa vizazi. Wao na Wagujarati wengi wa huku, ukiwatajia Rath Yatra, wanafikiria kwanza ile ya Ahmedabad, mji wa jimbo la Gujarat. Ile ilianza 1878 kutoka hekalu la Jagannath la Jamalpur, ni ya siku moja, na magari yake hayajengwi upya kila mwaka. Yanavutwa na jamii ya mabaharia wa Khalasi, tembo wakitangulia, na waumini wanagawiwa choroko zilizochipua, zambarau na matango. Ni sikukuu kubwa na nzuri, ila picha zake zikichanganywa na za Puri, watu wanaanza kubishana juu ya idadi ya magurudumu bila sababu.

Mama Salha

Swali la mwisho. Mtu akiwa na nafasi ya siku mbili au tatu tu, achague zipi?

Dira ya Mashariki

Mama, wengi watakwambia siku ya kwanza, mwezi pili. Mimi nakushauri kuanzia mwezi tisa hadi mwezi kumi na moja. Utawaona miungu jioni wakiwa Gundicha, kesho yake utaona Pahandi, ufagio na kamba kama siku ya kwanza, na siku ya tatu dhahabu. Umati bado ni mkubwa, hasa jioni ya Suna Besha, kwa hiyo yale ya Nyota yote yanabaki pale pale. Kwa mwaka 2026 Bahuda ni 24 Julai, Suna Besha 25 Julai. Tafuta malazi miezi kadhaa kabla, na uchague nyumba iliyo ndani ya mwendo wa miguu kutoka Bada Danda.